Kizimba Ndani ya Kizimba

Sisi vijana wa Dar es Salaam mji wetu tumeubatiza Bongo. Mgeni akiuliza kwa nini, tunamjibu kwa kujigamba: hapa huli bila kutumia ubongo. Yupo konda wa daladala anayekumbuka nani kalipa na nani bado, gari limejaa hadi mlangoni, na hajaandika popote. Yupo mama ntilie anayegeuza sufuria nne huku kichwani anatunza madeni ya mafundi kumi wa gereji. Yupo mmachinga anayekutazama mara moja tu usoni akajua aanzie bei gani. Mji unamnoa mtu kama jiwe linavyonoa kisu. Ndivyo tunavyosema kijiweni kila siku, na mimi ni mmoja wa wasemaji.

Lakini ndugu msomaji, hebu tuulizane. Mji unamnoa kila anayelala ndani yake, au unamnoa yule tu anayeruhusiwa kuushika kwa mikono yake? Swali hili sikulitafuta. Limeniletwa na bibi yangu, mzaa mama, ambaye anakaa Bongo mwaka wa tatu huu, na ubongo wake unafifia.

Mimi niliishia kidato cha nne. Sina maabara wala koti jeupe. Nina kadi ya maktaba na muda wa kutosha, maana riwaya ninayoiandika haijaanza kunilisha. Bibi alipoanza kuuliza jambo moja mara nne katika mazungumzo yale yale, nilikwenda Maktaba Kuu ya Taifa nikaanza kufukua. Nilichokikuta kilianza na panya.

Mwaka 1947 mtaalamu mmoja wa Kanada, Donald Hebb, alieleza jambo lililofanyika nyumbani kwake. Alichukua panya wa maabara akawapa watoto wake wawafuge, wakawa wanazurura ndani ya nyumba. Baadaye wakajaribiwa katika vichochoro vyenye njia za kupoteza, wakashindanishwa na wenzao waliokulia vizimbani. Panya wa nyumbani wakawashinda wa maabara. Hakuna aliyewafundisha. Walikuwa wameishi tu.

Miaka ya 1960 ilipoanza, wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani, walilipima jambo hilo kwa makini. Panya ndugu walitenganishwa. Mmoja alikaa peke yake katika kizimba kidogo, chakula kipo, maji yapo, basi. Ndugu yake aliwekwa katika kizimba kikubwa pamoja na wenzake kama kumi na wawili, kwenye ngazi, magurudumu na vikorokoro vya kuchezea ambavyo vilibadilishwa kila mara. Chakula kilikuwa kile kile. Baada ya siku 80 hivi, bongo zao zikapimwa.

Wakati huo wengi waliamini kwamba ubongo ukishakomaa umekomaa, kama chungu kilichokwisha kutoka motoni: kinaweza kuvunjika, lakini hukifinyangi tena. Mwanasayansi mmoja mwanamama, Marian Diamond, alivikata vipande vyembamba vya bongo zile akaviangalia kwa hadubini. Mwaka 1964 yeye na wenzake, David Krech na Mark Rosenzweig, wakatangaza walichokiona. Gamba la nje la ubongo wa panya wa kizimba kikubwa lilikuwa nene zaidi, katika baadhi ya sehemu kwa asilimia 6 hivi. Utasema asilimia 6 ni kitu gani bwana! Ni kitu kikubwa. Ilimaanisha kwamba maisha yanauandika ubongo, hata nyama yake yenyewe. Baada ya hapo William Greenough wa Illinois na wenzake wakaonyesha kwamba seli za bongo za namna hiyo huota matawi zaidi na kushikana na seli jirani kwa maungio mengi zaidi. Na mwaka 1997 Gerd Kempermann, Georg Kuhn na Fred Gage wakaonyesha kwamba hata panya waliokwisha kuwa wazima hupata seli mpya nyingi zaidi katika hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu. Kama binadamu mzima naye huota seli mpya kiasi hicho, wataalamu wangali wanabishana.

Mpaka hapo nilikuwa nimefurahi kama mtoto wa mjini anayesifiwa mji wake. Kumbe Bongo ndiyo kizimba kikubwa! Ngazi ziko, magurudumu yako, vikorokoro vinabadilishwa kila kukicha.

Halafu nikakutana na mambo mawili yaliyoniziba mdomo.

La kwanza ni hili. Kile kizimba walichokiita cha kitajiri, ukikitazama vizuri, hakina utajiri wowote. Panya wa porini ana zaidi ya hayo: mashimo, mvua, paka, wenzake mia, njaa ya leo na shibe ya kesho. Kizimba kikubwa kilikuwa uigaji tu wa maisha ya kawaida ya panya. Lililokuwa geni ni kizimba kidogo. Kwa hiyo wataalamu hawakumwongezea panya kitu cha ajabu. Walimrudishia sehemu ya kile alichonyang'anywa.

La pili ni la mwaka 1975, kule kule Berkeley. Waliwaza hivi: je, inatosha panya kuyaona maisha? Wakachukua vizimba vidogo vya waya wakaviweka ndani ya kile kikubwa, panya mmoja katika kila kimoja. Huyu mfungwa aliwaona wenzake wakipanda ngazi. Aliwasikia, aliwanusa, walipita mbele ya pua yake. Kitu pekee asichoweza ni kutoka akashiriki. Ubongo wake ulipopimwa, ulikuwa kama wa yule aliyefungwa peke yake. Kutazama hakukumfaa kitu.

Mniwie radhi wazee, simfananishi bibi na panya kwa dharau. Lakini nilipoyasoma hayo nilimwona.

Bibi ni mtu wa Muheza, mkoa wa Tanga. Huko alikuwa na mihogo yake na michungwa yake. Msimu wa machungwa alikuwa na kapu barabarani, mabasi yanaposimama, na alijua dereva yupi ana haraka na abiria yupi atapandisha bei mwenyewe kwa kiu. Alisuka mikeka, na aliyewahi kushika miyaa anajua kwamba ukili ni hesabu: ukikosea mmoja mwanzoni, ua zima linapinda huku mbele. Alikuwa kungwi. Jioni alitega vitendawili, na sisi wajukuu wa likizo tulimpa miji yote ya dunia asikubali kutupa jibu.

Babu alipofariki, mjomba alikwenda kumchukua. Alifanya kama mtoto mwema anavyofanya. Nyumba ya mjomba ina uzio, ina geti, ina dada wa kazi. Bibi akapewa kiti kizuri kuliko vyote, karibu na dirisha, mbele yake runinga. Akinyanyuka kushika ufagio, dada anaupokea. Akivuta ungo achague mchele, anaambiwa, "Bibi acha, utachoka." Akisema anataka kwenda sokoni, anaambiwa magari ni mengi. Kila mtu anampenda na kila mtu anamzuia. Chakula kipo, maji yapo, basi. Na dirishani Bongo yote inapita mbele ya pua yake.

Siku moja nilifika pale mchana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekuja na gari gani?"

Nikamjibu. Akauliza tena, nikamjibu tena. Tukakaa kimya. Kisha akanyoosha kidole dirishani, upande wa pili wa barabara, pale mama ntilie anapopikia.

"Mume wangu, hivi yule mwanamke wa masufuria huwa anazidisha chumvi?"

"Kwa nini unauliza, bibi?"

"Mwaka wa tatu namtazama. Sijaonja."

Ndugu msomaji, riwaya yangu ina kurasa mia mbili na ushee. Sijaandika humo sentensi inayolingana na hiyo.

Nilimweleza mjomba mambo ya Berkeley. Alinisikiliza, halafu akasema, "Mama yangu ameshika jembe tangu ana miaka kumi. Kalea watoto saba. Unataka nimrudishe kwenye ungo, watu waseme nini? Alichofanya kinatosha. Apumzike." Siwezi kulibeza neno hilo. Lina miaka mingi ya jasho ndani yake, na lina heshima. Na mjomba ana hoja nyingine nzito: hapa mjini hospitali iko karibu, na bibi ana presha.

Hapo mjomba anaungwa mkono na wakubwa. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, likakadiria kwamba kama yote yangeondolewa, karibu nusu ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu duniani ungeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Presha imo. Kisukari kimo. Sigara imo, ulevi umo, elimu ndogo imo, hata hewa chafu. Lakini katika orodha ile ile yamo pia upweke na kukaa bila kuushughulisha mwili. Imo na hali ya kutosikia vizuri. Bibi alipopimwa masikio, ilionekana anasikia kwa shida. Baadhi ya yale yaliyoitwa kusahau pale nyumbani yalikuwa ni kutosikia. Mtu asiyesikia huacha kuuliza, akiacha kuuliza watu huacha kumwambia, na kizimba kinazidi kubana.

Mtu atasema, hayo yote yangesaidia zamani, sasa kachelewa. Marian Diamond alilijaribu hilo pia. Alichukua panya wazee, wa siku 766, umri ambao panya wengi wa maabara wanakaribia mwisho wa safari, akawaweka katika kizimba kikubwa hadi siku ya 904. Gamba la ubongo wao nalo liliongezeka. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1985. Mti ulikuwa mkavu kwa macho tu.

Na tusiseme hayo ni ya Wazungu na panya wao. Wilaya ya Hai, kule Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini wakawachunguza wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba takriban sita katika kila mia walikuwa na ugonjwa huu. Wengi wetu tungesema ni uzee tu, au ana mkono wa mtu. Huko huko Hai ukajaribiwa utaratibu uliobuniwa Uingereza, ukafanyiwa marekebisho ya mazingira yetu: wagonjwa wanakaa kwa vikundi, vikao 14 katika wiki saba, wanaongea, wanaimba, wanakumbushana utoto wao, wanacheza, wanatoa maoni. Hakuna anayesahihishwa kama mwanafunzi. Walikuwa watu 34 tu, na ripoti ikatoka mwaka 2017: uwezo wao wa kukumbuka na kufikiri ulipanda, wasiwasi ukashuka. Watu 34 ni wachache, sitaki kupiga ngoma kubwa kwa ajili yao. Lakini angalia dawa yenyewe ni nini. Ni baraza. Ni kile alichokuwa nacho bibi kila jioni pale Muheza bila daktari kuandika.

Sasa ngoja niseme upande wa pili, maana mwandishi anayeficha upande wa pili ni mpiga debe. Maisha tajiri si kinga ya risasi. Iris Murdoch, mwandishi wa riwaya mzaliwa wa Dublin, aliandika riwaya 26 na kufundisha falsafa Oxford. Nani alikuwa na kizimba kikubwa kuliko huyo? Riwaya yake ya mwisho ilitoka mwaka 1995, na mwaka 1999 akafariki akiwa na ugonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2005 watafiti wa London waliilinganisha riwaya hiyo na mbili za zamani, wakakuta msamiati wake umepungua, ugonjwa ukiwa umekwisha kupenyeza kidole kabla madaktari hawajautaja. Kwa hiyo asitokee mtu akamwambia mgonjwa, "Ungejishughulisha usingeugua." Huo ni uonevu.

Linalosaidia kuelewa ni habari za masista. Tangu mwaka 1986, David Snowdon aliwafuatilia masista 678 wa Notre Dame huko Marekani, wote wa miaka 75 na zaidi, waliokubali bongo zao zichunguzwe baada ya kufa. Mmoja, anayetajwa kama Sista Mary, alifundisha hadi miaka 84 na akafariki akiwa na miaka 101, akili zake timamu katika vipimo. Ubongo wake ulipofunguliwa ulikuwa umejaa alama za Alzheimer. Ugonjwa uliingia nyumbani, mwenye nyumba akaendelea kupokea wageni. Wataalamu wanaita hiyo akiba. Familia mbili zinaweza kupigwa na ukame mmoja. Yenye ghala itachelewa kulia njaa. Ukame haukuondoka. Ghala ndilo lililowapa siku.

Kuna jambo moja katika utafiti huo linalotuhusu sisi tunaohangaika na kalamu. Masista wale, wakiwa na umri wa miaka 22 hivi, waliandika kila mmoja historia fupi ya maisha yake kabla ya kuweka nadhiri. Karatasi zikakaa kabatini karibu miaka 60. Watafiti wakazitoa, wakahesabu kila maneno kumi yamebeba mawazo mangapi. Mwaka 1996 wakaeleza kwamba wale ambao sentensi zao zilikuwa na mawazo machache ndio waliopatwa na ugonjwa huo zaidi uzeeni. Je, kuandika kuliwakinga wenzao? Au bongo zao zilikuwa tofauti tangu mwanzo? Karatasi hazisemi. Nami sitawaambia washikaji kwamba shairi la leo ni bima ya uzee. Ninachokichukua ni kidogo zaidi: panya aliyetazama hakupata kitu. Kijiweni kwetu tuko wengi tunaotazama simu kutwa, tunaujua mji kwa kupitishiwa mbele ya pua, riwaya zetu ziko vichwani tangu mwaka juzi. Mwenye kalamu ashike kalamu. Mwenye ngoma apige.

Na sasa, kwa idhini ya mhariri, maneno yaliyobaki ni ya mtu mmoja. Mjomba, shikamoo. Najua gazeti hili utalipata, maana nitakuletea mwenyewe. Kikao cha ukoo kinakuja, na mimi ni mdogo, sitapewa nafasi ya kusema kirefu. Siombi bibi arudishwe kwenye jembe. Siombi aache dawa zako za presha. Hizo usimwachishe hata siku moja. Naomba kifaa cha masikio kitafutwe, tuchangie wote, hata mimi kwa hicho kidogo changu. Naomba ungo wa mchele uwe wake, hata akichelewesha chakula cha mchana. Mama mdogo ameshasema atatuma miyaa kwa basi kutoka Muheza; naomba isiwekwe stoo. Binti wa jirani anataka kujifunza kusuka, na bibi vidole vyake havijasahau, nimevijaribu kwa uzi wa kiatu changu. Msimu wa machungwa akapumzike kwao mwezi mmoja, nitamsindikiza.

Hatapona, mjomba. Ataniuliza tena nimekuja na gari gani, nami nitamjibu tena. Lakini Jumamosi hii, ukiruhusu, nataka nimshike mkono tuvuke barabara, tukakae kwenye benchi la yule mama wa masufuria. Bibi aonje, halafu atuambie mwenyewe kuhusu ile chumvi.